Je, Kipimo cha Eko Kinaweza Kujua Mgonjwa wa Moyo Ataishi Muda Gani?





Limetufikia swali kutoka familia moja ya Pemba. Mjomba wao alihamia Sumbawanga miaka mingi iliyopita, na huko ana duka, nyumba na watoto. Mwaka huu alianza kuvimba miguu, akawa anahema akipanda ngazi mbili tu, na usiku halali ila kwa kuegemea mito mitatu. Akateremshwa Mbeya, akafanyiwa altrasaundi ya moyo, ile ambayo madaktari wanaiita eko, na karatasi ikarudi na namba: moyo unasukuma asilimia 28. Simu ikapigwa kisiwani, na khabari ilipofika ilikuwa imeshabadilika: "Moyo umebaki asilimia 28, hana muda." Familia inauliza mambo matatu. Kwanza, kumsadiki daktari katika jambo hili si kusadiki mtu anayedai ghaibu? Pili, mzee anataka kumwandikia mwanawe mmoja nyumba sasa hivi, inafaa? Tatu, afunge Ramadhani au asifunge?

Tutajibu yote matatu in shaa Allah, lakini kwanza tuielewe karatasi yenyewe, kwa sababu khofu nyingi iliyoingia katika nyumba ile imetokana na kuisoma vibaya namba moja.

ASILIMIA 28 YA NINI?

Eko ni sauti. Mashine inapeleka mawimbi ya sauti kali kuliko sikio la mwanadamu linavyoweza kusikia, yanagonga moyo, yanarudi, na kompyuta inayageuza kuwa picha inayotembea. Wavuvi wetu wenye mashine za kutafuta samaki chini ya maji wanaijua kanuni hii vizuri. Hata asili yake ina harufu ya bandari: mwaka 1953 daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz, huko Lund, Uswidi, walianza kuuchunguza moyo kwa kifaa kilichokuwa kikitumika kukagua nyufa ndani ya chuma, na majaribio yao ya mwanzo waliyafanya kwa mashine ya kiwanda cha meli cha Malmö. Hakuna sindano wala mionzi. Mgonjwa analala ubavu wa kushoto, anapakwa mafuta mazito ya baridi kifuani, na katika muda wa nusu saa au zaidi kidogo kazi imekwisha.

Katika mambo mengi yanayopimwa, namba inayopigiwa kelele ni ile ya sehemu ya damu inayotolewa na chumba kikubwa cha kushoto kwa kila pigo. Hapa ndipo watu wanapoteleza. Moyo mzima, wa kijana anayecheza mpira, hautoi asilimia 100. Hutoa baina ya 55 na 70, na damu nyingine hubaki ndani. Wafipa walisifika zamani kwa kuyeyusha na kufua chuma, na yeyote aliyewahi kukaa karibu na mhunzi anajua kwamba mvukuto haubanwi mpaka upepo wote ukaisha. Hubanwa kiasi, ukajaa tena. Kwa hiyo asilimia 28 si salio la uhai kama salio la simu. Maana yake ni kwamba moyo unatoa karibu nusu ya kile unachopaswa kutoa. Ni udhaifu mkubwa, hatusemi uongo. Lakini kuna watu wenye namba hiyo wanaotembea, wanaoswali msikitini na wanaofungua duka asubuhi.

Na kinyume chake ni kweli pia. Mtu anaweza kuwa na asilimia 60 na akawa mgonjwa wa moyo wa kulazwa, kwa sababu presha ya miaka mingi imeufanya msuli uwe mnene na mgumu, unasukuma vizuri lakini haulegei kupokea damu. Familia ikiambiwa "namba yake nzuri" inaacha dawa. Hili tunaliogopa pengine zaidi kuliko lile la kwanza.

Jambo jingine ni kwamba namba hii inakadiriwa na binadamu anayetazama picha. Wapimaji wawili hodari, siku moja, mgonjwa mmoja, wanaweza kupishana kwa pointi tano au zaidi. Kwa hiyo msifanye sherehe ikipanda kutoka 28 hadi 31, wala msilie ikishuka kutoka 31 hadi 28.

NINI HASA KINACHOTABIRI?

Madaktari wa Afrika wameliuliza swali hili kwa wagonjwa wa Afrika. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya utafiti unaoitwa THESUS-HF, uliofuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi katika nchi tisa, Kenya na Uganda zikiwamo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Ulaya maradhi haya ni ya watu wa miaka 70 na kuendelea. Kwetu yanamchukua mtu akiwa bado anasomesha watoto. Ndani ya siku 180, takriban wagonjwa 18 katika kila 100 walifariki.

Baadaye, mwaka 2017, picha za eko za wagonjwa hao zikachambuliwa peke yake ili ionekane ni kipimo gani kilichotangulia kuonya. Kwa siku 60 za mwanzo, vilivyoonya kwamba mgonjwa atafariki au atarudi wodini vilikuwa viwili tu: kasi ya mapigo na ukubwa wa chumba cha juu cha kushoto. Kwa siku 180, vilivyohusiana na kifo vilikuwa kasi ya mapigo, unene wa ukuta wa nyuma wa moyo, na kubana kwa vali ya mlango mkuu wa kutokea damu. Ile asilimia inayotetemesha watu haikuwamo.

Hili lisishangaze sana. Chumba cha juu cha kushoto ni kama shajara ya moyo: kikipanuka, kinasimulia kwamba shinikizo limekuwa likirudi nyuma kuelekea mapafuni kwa miezi au miaka. Ukuta mnene unasimulia presha isiyotibiwa. Namba moja ya leo haiwezi kusimulia hayo.

Tanzania nayo ina utafiti wake, uliofanyika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014, wa wagonjwa 427 wenye wastani wa miaka 55. Chanzo kikubwa kilikuwa presha ya juu, wagonjwa 45 katika kila 100. Kisha maradhi ya msuli wa moyo wenyewe, 28. Vali zilizoharibiwa na homa ya rumatiki inayoanzia kooni utotoni, 12. Na mishipa ya moyo kuziba, 9 tu. Waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa ni wale wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, wenye upungufu wa damu, wenye figo dhaifu, wenye shinikizo kubwa katika mishipa ya mapafu, waliokuwa wamelazwa, na wale ambao hawakupata kusoma skuli.

Tazameni orodha hiyo kwa makini. Ni shinikizo la mapafu tu linalohitaji eko. Mapigo yasiyo na mpangilio muuguzi huyashuku kwa kushika mkono na huthibitishwa kwa kipimo cha umeme wa moyo. Damu na figo hupimwa maabara ya kawaida. Na skuli! Kutosoma hakuui moyo. Kinachoua ni kutoelewa dawa ipi ni ya asubuhi, ipi haiachwi hata mtu akijisikia nafuu. Hapo kijana wa nyumbani anayejua kusoma ni sehemu ya tiba, kwa sharti akae na mzee kila siku asome vile vikaratasi.

Upungufu wa damu nao usidharauliwe. Mgonjwa wa moyo mwenye damu kidogo anatibika kuliko watu wanavyodhani, lakini ni lazima mtu aulize: "Damu yake ni ngapi?"

Sasa neno zito. Utafiti mwingine, INTER-CHF, uliochapishwa mwaka 2017, uliwatazama wagonjwa 5,823 wa nchi 16. Ndani ya mwaka mmoja, katika kila wagonjwa 100 walifariki 34 Afrika, 23 India, na 7 China. Moyo wa Mwafrika haukuumbwa dhaifu. Watu wetu wanafika wamechelewa na dawa zinakatika.

JINA LA SUMBAWANGA

Kuhusu kuchelewa, tuseme jambo ambalo wengi wanalisema kwa kicheko. Jina la Sumbawanga hufasiriwa na wenyeji kuwa ni "tupa uchawi", na mji ule umebandikwa sifa ambayo wasafiri wa kutoka visiwani hupenda kuitia chumvi. Sisi wa Unguja na Pemba hatuna haki ya kuwacheka Wafipa, maana Bara wanasema hayo hayo juu yetu. Tatizo ni kwamba maradhi ya moyo yanafanana mno na hadithi za kurogwa: tumbo linajaa maji, miguu inavimba kama imetiwa hewa, mtu anashtuka usiku kana kwamba amekabwa koo. Basi anapelekwa kwa waganga miezi mitatu, minne, na anapofika hospitali chumba cha juu kimeshapanuka. Anayetaka kusomewa ruqya ya kisharia na asomewe, ni jambo jema. Asomewe akiwa njiani kwenda kupimwa.

Na njia yenyewe si fupi. Sumbawanga iko juu ya uwanda wa Ufipa, takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Kufika Mbeya kupitia Laela na Tunduma ni zaidi ya kilomita 300. Kufika Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ni zaidi ya 1,100. Kwa hiyo, kabla ya kumpakia mgonjwa, pigeni simu, na msiulize tu "mna altrasaundi?" kwa sababu mtajibiwa ndiyo, ya tumbo na ya wajawazito ipo hospitali nyingi. Ulizeni: "Mna eko ya moyo, na mtu wa kuipima yupo siku gani?" Kichwa cha mashine ni kingine na ujuzi ni mwingine. Madaktari wa taasisi ile ya Dar es Salaam pia hutembelea mikoa, na inafaa kuuliza Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Rukwa kama kuna ziara inayokuja. Rwanda walikwenda mbali zaidi: waliwafundisha wauguzi wa hospitali za wilaya kupiga eko fupi ya kujibu maswali machache, na mgonjwa akaanza dawa sahihi bila kungoja safari. Tungetamani kuliona hilo Namanyere na Matai, na Micheweni pia.

JE, HUKU SI KUDAI GHAIBU?

Tunarudi kwenye swali la kwanza. Aya ya mwisho ya Suratu Luqman imetaja mambo ambayo elimu yake ni ya Allah peke yake, na miongoni mwake ni ardhi ambayo mtu atafia. Hakuna Muislamu anayelitilia shaka hilo. Lakini daktari mwaminifu hasemi "fulani atakufa mwezi wa Rajabu." Anasema: "Katika watu mia wenye hali kama yake, kadhaa hawamalizi mwaka." Hajui fulani yumo katika kundi lipi, naye analikiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo mkali katika mkondo wa Pemba, nahodha hasemi hiyo ni ramli. Anafunga chombo. Kutazama sababu alizoziweka Allah katika maumbile ni jambo moja, na kudai kujua siri Yake ni jambo jingine. Anayesema "hana muda" kwa yakini, awe daktari au shemeji kwenye simu, amevuka mpaka kwa upande mmoja. Anayekataa kipimo kwa kusema ajali imeshaandikwa, amevuka kwa upande mwingine.

NYUMBA YA MTOTO MMOJA

Swali la pili ndilo gumu, na watu wengi hawajui kwamba maneno ya daktari yana uzito ndani yake kisharia. Mtu mzima wa afya anamiliki mali yake, ingawa kupendelea mtoto mmoja bila sababu kumekatazwa au kuchukizwa kwa mujibu wa wanachuoni. Lakini mtu aliye katika maradhi ya kukhofiwa, akatoa zawadi, kisha akafa kwa maradhi hayo, zawadi yake huhesabiwa kama wasia. Haivuki theluthi ya mali bila idhini ya warithi, na ikiwa imetolewa kwa mrithi, inategemea ridhaa ya warithi wengine.

Basi, moyo unaosukuma asilimia 28 ni maradhi ya kukhofiwa? Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo ya wengi wetu visiwani, Imam an-Nawawi ametaja katika Minhaj kwamba ikitiliwa shaka hali ya maradhi, hayathibiti kuwa ya kukhofiwa ila kwa matabibu wawili waadilifu. Tuzingatie hekima hii: fakihi hakujipa kazi ya daktari. Na wanachuoni wametofautisha maradhi sugu ambayo mtu huishi nayo, akaenda na kurudi, na yale yanayomlaza na kuzidi siku hadi siku. Mgonjwa wa moyo anaweza kuwa katika hali ya kwanza mwezi huu na ya pili mwezi ujao. Kwa hiyo namba pekee haitoshi; inatakiwa kauli ya madaktari wawili juu ya hali nzima ya mgonjwa siku anayoandika.

Ushauri wetu kwa familia hii: nyumba isiandikwe kwa haraka wala kwa siri. Warithi wote waitwe, hata kwa simu, na jambo lifikishwe kwa mwanachuoni anayeaminika. Unguja na Pemba zipo Mahakama za Kadhi. Bara hakuna mahakama za kadhi katika mfumo wa Serikali, hivyo maandishi ya huko yapitie pia kwa mwanasheria. Ama madeni ya dukani, hayo yaandikwe leo, mgonjwa au mzima. Wallaahu A'lam.

SAUMU, NA WAZAZI WANAWAKE

Katika saumu, eko ina faida isiyotarajiwa. Mgonjwa anayetarajiwa kupona akila Ramadhani, analipa siku hizo akipona. Asiyetarajiwa kupona, atoe fidia ya kibaba cha chakula kwa kila siku, na halipi. Nani atasema ni yupi? Daktari, kwa kuangalia chanzo na kurudia kipimo. Mgonjwa aliyetoka wodini karibuni, anayevimba, au anayemeza vidonge vya kukojoza mara mbili kwa siku, asijitie hatarini. Rukhsa ni zawadi ya Mola wake. Aliyetulia kwa muda mrefu huenda akaruhusiwa na dawa zikapangwa upya, lakini asijipangie mwenyewe.

Mfano wa anayetarajiwa kupona ni mwanamke ambaye moyo wake unadhoofika mwishoni mwa ujauzito au katika miezi mitano baada ya kujifungua. Maradhi haya yapo Afrika Mashariki kuliko tunavyoyasikia, kwa sababu kuhema na kuvimba huhesabiwa kuwa uchovu wa uzazi. Wengi wao moyo hurejea karibu na hali yake kwa dawa. Wale ambao eko ya mwanzo inaonyesha chini ya asilimia 30 na chumba kilichotanuka kufikia sentimita 6 au zaidi, uwezekano wa kurejea ni mdogo. Hapo utabiri wa eko unagusa jambo kubwa: mimba ijayo. Mwanamke ambaye moyo wake haujarejea, akibeba tena, anaweza kufa na kuacha mayatima wawili badala ya mmoja. Kuzuia mimba kwa sababu hiyo, kwa ushauri wa daktari anayeaminika na kwa kuelewana na mume, wanachuoni wengi wameruhusu, na asiyehisi hatari hiyo asimlaumu. Mume naye aende kliniki akasikie kwa masikio yake. Tunaomba sana hili.

Kuhusu sitara: atafutwe mpimaji mwanamke. Akikosekana, dharura inaruhusu mwanamume kwa kiasi cha haja, sehemu nyingine zikifunikwa, na mahram wake awepo.

NYUMBANI, BILA MASHINE

Kuna kipimo cha utabiri ambacho kila nyumba ya Sumbawanga au Wete inaweza kuwa nacho: mizani. Mgonjwa apimwe kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya kula, na uzito uandikwe kwenye daftari. Ukipanda kilo mbili ndani ya siku tatu, hayo ni maji, wala si mafuta, na aende hospitali kabla hajaanza kuhema. Chumvi ipunguzwe, na hapa pande zote mbili zina mtihani: Ufipa kuna samaki wakavu wa Ziwa Tanganyika, visiwani kuna ng'onda na papa. Hatusemi visiliwe maisha. Vikiwa vimetiwa chumvi, mgonjwa huyu si wake.

Eko irudiwe baada ya miezi mitatu hadi sita ya dawa zilizotimia, siyo kila mwezi kwa kutafuta faraja. Dawa za leo zinaweza kuupunguza moyo uliotanuka, na namba ya kwanza, iliyochukuliwa mgonjwa akiwa amejaa maji na hajameza kidonge, ndiyo isiyoaminika kuliko zote katika kutabiri. Ombeni ripoti ya maandishi, piga picha kila ukurasa kwa simu, na mgonjwa akihamishiwa Mnazi Mmoja au Dar es Salaam ziende naye zote mbili, ya zamani na mpya, pamoja na maboksi ya dawa anazotumia, ndani ya mkoba wa mkononi na si chini ya basi.